Umeozwa na pasipoti: kwa nini Gauff na Siniaková hawakucheza pamoja Paris

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Arusha. Binti yangu ana miaka 13, anacheza tenisi tangu akiwa na miaka 7. Kwenye mashindano ya vijana ya ukanda wetu huwa anacheza wawili na rafiki yake wa Kampala, na wanaelewana mno. Majuzi tuliangalia marudio ya fainali ya wawili wanawake ya Olimpiki ya Paris 2024, Waitaliano na wale wasichana wa Kirusi. Matokeo yalikuwa 2–6, 6–1, 10–7. Hiyo 10–7 imetoka wapi, wakati seti huishia 6 au 7? Kwa nini Coco Gauff na Kateřina Siniaková, walioshinda Roland Garros mwaka huohuo kwenye viwanja hivyohivyo, hawakucheza pamoja? Na je, binti yangu aendelee na mwenzake wa Kampala au nimtafutie mwingine? Baba yake anasema nisijisumbue, tenisi ya wawili ni ya walioshindwa kucheza peke yao.

JIBU: Marahaba, mama, na msalimie binti. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu ukilielewa hilo, la kwanza linakuwa dogo na la tatu linajijibu nusu.

Gauff na Siniaková hawakucheza pamoja Paris kwa sababu mmoja ana pasipoti ya Marekani na mwingine ya Czech. Hakuna jingine. Kwenye mashindano ya kawaida ya mwaka mzima, Roland Garros, Wimbledon na mengineyo, mchezaji huchagua mwenzi wa uwanjani kama watu wanavyochagua wachumba: anamtazama, anamjaribu kwenye mashindano mawili matatu, wakishindwana wanaachana na kila mmoja anatafuta wake. Uraia hauulizwi. Kwenye Olimpiki mambo ni mengine. Hapo umeozwa, na aliyekuoza ni ofisi ya uhamiaji. Lazima mwenzi awe wa nchi yako, hata kama mtu anayekufaa kuliko wote duniani amekaa chumba cha jirani kwenye kijiji cha wanamichezo, amevaa jezi ya taifa lingine.

Sasa angalia lilivyotokea mwaka 2024. Tarehe 9 Juni, kwenye udongo mwekundu wa Roland Garros, Gauff na Siniaková waliwafunga Sara Errani na Jasmine Paolini wa Italia 7–6, 6–3 kwenye fainali. Wiki nane kamili baadaye, tarehe 4 Agosti, kwenye udongo uleule, Errani na Paolini walivishwa dhahabu ya Olimpiki, ya kwanza kabisa kwa Italia katika tenisi. (Wengi hawakuiona siku hiyo kwa sababu ndiyo siku Novak Djokovic alimfunga Carlos Alcaraz, na dunia nzima ikawa inamzungumzia yeye.) Waitaliano hawakujifunza tenisi mpya ndani ya wiki nane. Kilichobadilika ni kwamba jozi iliyowafunga haikuwepo tena. Pasipoti ziliwatenganisha wale wawili na kuwaacha hawa wawili pamoja.

Siniaková alirudi kwa Barbora Krejčíková, mwenzake wa siku nyingi, ambaye alichukua naye dhahabu Tokyo kwa kuwafunga Belinda Bencic na Viktorija Golubic wa Uswisi 7–5, 6–1. Lakini kufikia 2024 hawakuwa tena jozi ya kila wiki, na Paris waliondoka bila medali ya wawili wanawake. Siniaková asikuhuzunishe sana: alichukua dhahabu ya mchanganyiko, mwanamke na mwanamume, pamoja na Tomáš Macháč. Gauff yeye alicheza na Jessica Pegula, Mmarekani mwenzake. Hao kwenye karatasi ndio waliowekwa namba moja wa mashindano. Walitolewa raundi ya pili na Karolína Muchová na Linda Nosková wa Czech, 2–6, 6–4, 10–5. Unaiona hiyo 10–5? Tutairudia.

Kwa hiyo usidhani nasema kuwa na mwenzi wa nchi moja kunatosha. Pegula na Gauff walikuwa wa nchi moja, tena wamezoeana, na bado. Ninachosema ni kwamba kwenye Olimpiki swali kubwa la tenisi ya wawili huulizwa kabla mtu hajagusa raketi: katika nchi yako kuna nani mwingine? Mwenye jibu zuri la swali hilo ameshatembea nusu ya safari. Asiye nalo, hata awe bora duniani, anaanza akichechemea.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Rio 2016. Mwaka mmoja kabla yake jozi iliyotisha dunia nzima ilikuwa Martina Hingis wa Uswisi na Sania Mirza wa India. Walichukua Wimbledon 2015, US Open 2015, Australian Open 2016, na katikati ya hapo walishinda mechi 41 mfululizo. Hingis alikuwa na mikono inayojua mpira utakwenda wapi kabla haujapigwa. Mirza alikuwa na foohendi, pigo la mkono wa mbele, ya kuvunja ukuta. Rio ilipofika kila mmoja akaenda kwao. Mirza alicheza na Prarthana Thombare, kijana aliyekuwa chini yake sana kwa kiwango, wakatolewa raundi ya kwanza na Wachina Peng Shuai na Zhang Shuai. Mechi ilikwenda seti tatu na Wahindi walipigana, lakini ilikuwa raundi ya kwanza na safari ikaishia hapo.

Na Hingis? Hapa ndipo hadithi inapokataa kunyooka. Awali ilipangwa acheze na Bencic. Bencic akaumia. Ilipangwa pia acheze mchanganyiko na Roger Federer. Federer naye goti likamkatalia. Akabaki na Timea Bacsinszky, ambaye hakuwa mwenzi wake hata kidogo, na hao wawili waliokutanishwa na majeraha ya watu wengine wakafika fainali na kuchukua medali ya fedha. Waliowafunga ni Ekaterina Makarova na Elena Vesnina wa Urusi, 6–4, 6–4. Makarova na Vesnina walikuwa jozi halisi, ya miaka. Yaani mwenzi wa dharura anaweza kukufikisha mbali iwapo nchi yako inaye mwingine wa daraja la juu. Uswisi ilikuwa naye, India hakuwapo.

Dada wawili Williams ndio waliokuwa na bahati isiyo na mfano katika jambo hili: nchi moja, nyumba moja, kocha mmoja ambaye ni baba yao. Venus na Serena walichukua dhahabu Sydney 2000, Beijing 2008 na London 2012. Fainali ya Sydney ilikuwa 6–1, 6–1. Ya Beijing 6–2, 6–0. Kabla ya Rio walikuwa wamecheza mechi 15 za Olimpiki pamoja na hawajapoteza hata moja. Unaona pengo la Athens 2004 hapo katikati? Serena alikuwa majeruhi, Venus akapewa Chanda Rubin, na wakatolewa raundi ya kwanza na Li Ting na Sun Tiantian wa China, waliokwenda hadi dhahabu, ya kwanza ya China katika tenisi. Huyohuyo Venus! Hakupungukiwa kitu mwaka ule ila mdogo wake.

Basi turudi kwenye 10–7.

Katika Olimpiki ya Paris, kama ilivyokuwa Tokyo, wawili wanawake walicheza seti mbili za kawaida. Kila upande ukichukua moja, hakuna seti ya tatu. Badala yake inachezwa taibreka ndefu: wa kwanza kufikisha pointi 10 akiwa mbele kwa mbili ndiye mshindi. Kwa hiyo 10–7 si gemu, ni pointi. Errani na Paolini walipoteza seti ya kwanza 2–6 mbele ya Mirra Andreeva na Diana Shnaider, wakazoa ya pili 6–1, kisha wakashinda pointi kumi dhidi ya saba, basi. Ukikutana na rekodi za zamani uwe makini, maana namba hudanganya macho. Fainali ya Seoul 1988, tenisi iliporudi Olimpiki na medali zake baada ya kukosekana tangu 1924, Pam Shriver na Zina Garrison wa Marekani waliwafunga Jana Novotná na Helena Suková wa Czechoslovakia 4–6, 6–2, 10–8. Hiyo 10–8 ni gemu! Seti nzima ya tatu, bila taibreka, gemu kumi na nane. Miaka 36 baadaye jambo linalofanana nalo kwa kuliangalia linamalizika kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Na muda huo wa chai una roho mbaya. Seti ya kawaida ina pointi hamsini, sitini na zaidi. Aliye bora ana nafasi ya kukosea, kukasirika, kutulia, kurudi. Taibreka ya kumi haikupi nafasi ya kukasirika. Anayeanza anapiga sevu, yaani pigo la kuanzisha mchezo, kwa pointi moja tu, halafu upande wa pili kwa mbili, halafu mbili mbili, na kila pointi sita mnabadilishana upande wa uwanja. Ukipoteza pointi zako mbili za sevu, umempa mpinzani sehemu ya tano ya pointi anazohitaji. Ndiyo maana jozi ya daraja la pili inaingia pale ikiwa na matumaini ya kweli, na jozi ya daraja la kwanza inaingia ikiwa na kijasho.

Muulize Elena Vesnina, yuleyule wa dhahabu ya Rio. Tokyo alicheza na Veronika Kudermetova kugombea shaba dhidi ya Laura Pigossi na Luisa Stefani wa Brazil. Hawa Wabrazili hata safari yao ilikuwa ya kubahatisha, walipata habari kwamba wameingia kwenye orodha siku chache tu kabla ya michezo kuanza. Njiani waliwatoa Dabrowski na Fichman wa Kanada, kisha Plíšková na Vondroušová wa Czech, kisha Mattek-Sands na Pegula wa Marekani, wakaja kufungwa nusu fainali na Waswisi. Kwenye mechi ya shaba: seti ya kwanza Warusi 6–4, ya pili Wabrazili 6–4, taibreka. Warusi wakafika 9–5.

Simama hapo kidogo na binti yako, mfikirie pamoja. Tisa kwa tano. Upande mmoja una nafasi nne za kumaliza, unahitaji kushinda moja tu. Upande mwingine hauruhusiwi kukosea hata mara moja. Pigossi na Stefani walishinda ya kwanza, 9–6. Ya pili, 9–7. Ya tatu, 9–8. Kufikia hapo mkono wa aliye mbele unaanza kuwa mzito, nawe unaona anaupiga mpira kwa kuulinda badala ya kuupiga. Tisa kwa tisa. Kumi kwa tisa. Kumi na moja kwa tisa. Pointi sita mfululizo, na Brazil ikapata medali yake ya kwanza ya Olimpiki katika tenisi. Si ya wanaume, si ya mchezaji mmoja mmoja, bali ya wanawake wawili walioingia mlangoni wakiwa wa mwisho. Huwa nawaonyesha wanafunzi wangu pointi hizo sita, na kila mara yupo anayesema «Warusi walizembea». Hawakuzembea. Walikumbuka kwamba wako karibu kushinda, na hilo linatosha.

Sasa nimjibu baba yake, kwa heshima zote.

Kusema tenisi ya wawili ni ya walioshindwa kucheza peke yao ni sawa na kusema ngalawa ni jahazi lililodumaa. Ni chombo kingine. Uwanja wenyewe unabadilika: ule ukanda wa pembeni wa mita 1.37 kila upande unaingia mchezoni, upana unatoka mita 8.23 kuwa 10.97, lakini sasa mpo wawili wa kuulinda. Kwa hiyo nguvu peke yake haitoshi, kwa kuwa mpira mkali uliompita mmoja unamkuta mwingine amesimama wavuni na raketi juu. Kinacholipa ni pembe, ni mpira wa chini miguuni kwa mtu anayepanda mbele, ni lobu inayomvuka aliye wavuni na kuwafanya wote wawili wageuke mgongo, ni kujua lini uruke katikati kumwibia mpira mpokeaji, na lini umdanganye kwa bega tu kisha ubaki ulipo.

Mwangalie Errani. Ana urefu wa mita 1.64, Paolini ana 1.63. Ukiwasimamisha foleni ya kununua mkate hutawaona. Sevu ya Errani ni ya polepole mno, imeshachekwa na dunia nzima, na kuna siku huipiga kwa chini, mkono haupandi hata begani. Kwa mchezaji peke yake, kwa umri ule, sevu hiyo ni kilema. Lakini kwenye wawili yeye na Roberta Vinci waliwahi kuwa namba moja duniani na kuchukua mataji yote manne makubwa: Australian Open, Roland Garros, Wimbledon na US Open. Alishiriki Olimpiki tano, na ya London 2012 yeye na Vinci walikutana na dada wawili Williams robo fainali, wakaondoka mikono mitupu. Alipofika Paris alikuwa na miaka 37. Upande wa pili wa wavu alisimama Andreeva, aliyezaliwa tarehe 29 Aprili 2007. Errani alizaliwa tarehe 29 Aprili 1987. Miaka ishirini kamili, siku ileile! Sijui kama waliandikiana kadi.

Paolini naye hakuwa mtu aliyekimbilia wawili kwa kushindwa. Mwaka huohuo alicheza fainali ya mchezaji mmoja mmoja Roland Garros na Wimbledon. (Babu yake mzaa mama ni wa Ghana, nasema hili kwa ajili ya wale wanaopenda kujua damu ya Afrika imefika wapi.) Na Bencic, huko Tokyo, alichukua dhahabu ya mmoja mmoja Jumamosi na kucheza fainali ya wawili Jumapili. Hizi ni mechi zinazochezwa na wenye uwezo, tena bila posho ya ushindi kutoka kwa waandaaji na bila pointi za viwango vya dunia tangu Rio 2016. Mtu anacheza kwa ajili ya kile kipande cha chuma na wimbo wa taifa. Andreeva na Shnaider hata wimbo wa taifa lao hawakuwa nao, maana walishindana kama wanamichezo wasio na bendera ya nchi yao, na medali yao ya fedha haikuhesabiwa kwa nchi yoyote.

Waitaliano waliwezaje kurudi baada ya 2–6? Kuna kocha atakuchorea ramani ya mbinu. Mimi naangalia kitu kidogo zaidi. Kati ya pointi na pointi Errani haachi kuongea. Anamfuata Paolini, anafunika mdomo kwa mpira, anasema jambo, Paolini anatikisa kichwa, wanagusana viganja, wanaachana. Wakipoteza, vivyo hivyo, na mwendo uleule. Mwezi Mei, fainali ya Roma, walikuwa wamewafunga Gauff na Erin Routliffe 6–3, 4–6, 10–8. Kwa hiyo taibreka ya kumi ilipofika Paris, walikuwa wameshawahi kukaa pamoja kwenye chumba hicho na wanajua kiti kipi kimevunjika. Wale wasichana wawili wana vipaji vinavyotisha, na baada ya hapo wamethibitisha. Siku ile walikuwa wageni chumbani.

Uelewano huo ndio binti yako anao na mwenzake wa Kampala, na ndiyo sababu swali lako la tatu limenifanya nifikiri kwa siku kadhaa kabla ya kuandika.

Nikupe kwanza mfano wa karibu. Mwaka 2022 Angella Okutoyi wa Kenya alishinda Wimbledon ya wasichana, upande wa wawili, Mkenya wa kwanza kuchukua taji katika mojawapo ya mashindano hayo makubwa manne. Fainali: 3–6, 6–4, 11–9. (Mmoja wa waliofungwa, Victoria Mboko, ni Mkanada ambaye wazazi wake wametoka Kongo, miaka mitatu baadaye alitwaa ubingwa wa Montreal mbele ya watu wa kwao.) Lakini Okutoyi alishinda na nani? Na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Jozi bingwa wa Wimbledon, na kwenye Olimpiki isingeruhusiwa hata kujiandikisha. Machi 2024 Okutoyi alichukua dhahabu ya mmoja mmoja kwenye Michezo ya Afrika, Accra. Kwa Paris, bingwa huyo alitakiwa pia awe ndani ya 400 bora duniani kufikia tarehe 10 Juni, na kiwango chake hakikufika, akabaki nyumbani. Upande wa wawili ndiyo kabisa: Paris ilichukua jozi 32 tu, nchi moja haikuzidi jozi mbili, na orodha ilipangwa kwa kujumlisha viwango vya wachezaji wote wawili. Aliyekuwa ndani ya kumi bora wa wawili duniani aliruhusiwa kuja na mwenzi yeyote wa nchi yake mradi awe ndani ya 300. Ukiwa wa mia tano, na mwenzio wa mia tisa, hesabu yako ni elfu moja na mia nne, na mlango haufunguki.

Kwa hiyo kwa ndoto ya bendera, rafiki wa Kampala hatamsaidia binti yako. Kwa kila kitu kingine kabla ya ndoto hiyo, atamsaidia kuliko mtu yeyote. Mashindano ya vijana ya kimataifa hayaulizi pasipoti za jozi. Asimwache. Mtoto wa miaka 13 aliyepata mtu wa kucheza naye bila kununiana ana kitu ambacho watu wazima wanalipia makocha wakitafute.

Ila mtafutie na mwingine wa hapa, Arusha, Moshi au Dar, wacheze pamoja hata mara moja kwa wiki. Wa pili huyo ndiye atakayesimama naye siku wakiitwa timu ya taifa, kwenye Kombe la Billie Jean King kundi la Afrika kwa mfano, ambako nako bendera ndiyo inayowaoza. Usimchague aliye bora kuliko wote mtaani. Chagua ambaye binti yako hamwogopi na yeye hamwogopi binti yako. Nimeona jozi nyingi za watoto ambapo mmoja ni nyota na mwingine anaomba radhi kila pointi. Hudumu mwezi mmoja.

Na kuna zoezi moja ningependa uwape kesho asubuhi. Wapange wote wawili mstari wa nyuma, wewe simama upande wa pili na kapu la mipira, uwarushie katikati kabisa, pale ambapo hakuna mwenyewe. Mara ya kwanza utaona wanaangaliana na mpira unapita kati yao, pwaa, ukutani. Mara ya pili wote wawili wataukimbilia na raketi zitagongana. Usiwaambie wa nani. Endelea kurusha. Kwenye mpira wa kumi au wa kumi na tano mmoja atapiga kelele «Wangu!» na mwingine atapiga hatua moja nyuma bila kuambiwa, kufunika nafasi iliyoachwa. Ukishaiona hatua hiyo ya nyuma, niandikie tena, uniambie ni nani kati yao aliyeipiga.